Maswali ya Wasomaji: Vyuo Vikuu vya Marekani Vinavyogombea Chipukizi wa Mpira wa Kikapu

Katika toleo lililopita tuliandika kwa kifupi habari za Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, akajiunga na akademia ya NBA, ligi kuu ya kulipwa ya kikapu Marekani, iliyoko Saly nchini Senegal, kisha mwaka 2024 akachagua kwenda Chuo Kikuu cha Duke huku Kentucky, Kansas na UCLA nazo zikimtaka. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua zile zinazouliza mambo ambayo wengine pia waliyagusia, tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha.

SWALI (Mwalimu wa sekondari, Morogoro): Kwetu mwanafunzi ndiye anayeomba chuo, tena kwa unyenyekevu. Iweje huko Marekani chuo kikuu ndicho kimkimbilie mtoto wa miaka 16, kwa sababu tu anajua kutumbukiza mpira kikapuni?

JIBU: Mwalimu, jambo hili linatokana na jinsi michezo ya Marekani ilivyojengwa. Ulaya kijana mwenye kipaji cha soka hulelewa na klabu tangu utotoni. Marekani malezi ya namna hiyo hayakuota mizizi, na kazi ya kumkuza mchezaji hadi afikie ligi ya kulipwa imeachiwa shule na vyuo. Zamani walikuwepo waliotoka sekondari moja kwa moja hadi NBA, akiwemo Kobe Bryant mwaka 1996 na LeBron James mwaka 2003. Mwaka 2005 NBA na chama cha wachezaji walikubaliana kwamba kuanzia drafti ya 2006, yaani ile siku timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, kijana wa Marekani asichaguliwe kabla ya mwaka wake wa kutimiza miaka 19, wala kabla ya mwaka mmoja kupita tangu wenzake wa darasa walipomaliza sekondari. Tangu hapo chipukizi aliye bora kabisa huwa na mwaka mmoja wa kusubiri, na vyuo vikuu vinaugombea mwaka huo kama kwamba ndio pekee uliobaki duniani.

Kuna sababu nyingine iliyo ndani ya mchezo wenyewe. Uwanjani wanakuwa watano tu, hivyo mchezaji mmoja wa daraja la juu anaweza kuibadili timu nzima ndani ya msimu mmoja, jambo ambalo ni gumu kwenye mchezo wa watu kumi na mmoja. Mwaka 2009 Kentucky ilimwajiri kocha John Calipari, naye akaja na kundi la vijana wa mwaka wa kwanza waliokuwa wakitakwa na nchi nzima, miongoni mwao John Wall na DeMarcus Cousins. Mwaka uliofuata wachezaji watano wa Kentucky walichaguliwa katika raundi ya kwanza ya drafti moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa chuo chochote, na mwaka 2012 Anthony Davis, akiwa bado wa mwaka wa kwanza, aliongoza timu hiyo kutwaa ubingwa. Baada ya hapo Calipari hakuhitaji kujieleza sana kwa wazazi. Orodha ya drafti ilimsemea.

Halafu kuna fedha. Mashindano ya ubingwa wa vyuo ya mwezi Machi, yenye timu 68, huonyeshwa kwa mkataba wa televisheni ambao mwaka 2016 uliongezwa hadi 2032 kwa dola bilioni 8.8, na sehemu ya mapato hayo hurudi kwenye jumuiya za vyuo kulingana na jinsi timu zao zinavyosonga mbele. Rais wa chuo anaposaini malipo ya kocha, hesabu hiyo anaijua vizuri.

SWALI (Mwanafunzi wa chuo, Nairobi): Ningependa kujua ushawishi wenyewe unavyofanyika. Je, kocha hupiga simu tu na kusema njoo?

JIBU: Laiti ingekuwa hivyo. Msomaji aliyewahi kuona posa ikipelekwa vizuri atalielewa jambo hili haraka, kwa sababu kocha mkuu hatangulii. Anayetangulia ni mshenga, naye ni kocha msaidizi, mtu ambaye mara nyingi ameajiriwa si kwa ufundi wa mbinu bali kwa sababu anafahamika na kuaminiwa katika mji au jimbo fulani. Kazi yake ya kwanza ni kujua ndani ya nyumba ile nani mwenye neno la mwisho. Pengine ni mama, pengine ni babu, pengine ni mjomba aliyekuwa akimpeleka kijana mazoezini kwa gari lake bovu, na mara nyingi ni kocha wa timu ya majira ya joto.

Timu hizo za majira ya joto ndizo soko hasa. Ziko nje ya shule, na zile zenye nguvu zimo katika ligi tatu zinazodhaminiwa na Nike, Adidas na Under Armour. Kila Julai ligi ya Nike humalizia kwa mashindano ya Peach Jam mjini North Augusta, South Carolina. Ukiingia ukumbini utaona jambo la kuchekesha: safu za viti pembeni mwa uwanja zimejaa watu wazima wenye mishahara ya mamilioni ya dola, kila mmoja amevaa shati lenye nembo kubwa ya chuo chake, wote wamekunja mikono na wananyamaza. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zinagawa mwaka katika vipindi, na katika vipindi vya kutazama kocha anaruhusiwa kuangalia lakini haruhusiwi kuzungumza na kijana ana kwa ana. Kwa hiyo shati lenyewe ndilo linalozungumza. Kocha mkuu akisafiri hadi pale kumtazama kijana mmoja, akaondoka mechi yake ilipoisha na kurudi siku ya pili kwenye kiti kile kile, ujumbe umefika. Na ole wa yule anayemtuma msaidizi wakati mshindani wake amekuja mwenyewe.

Simu na ujumbe kwa mchezaji wa kiume huruhusiwa kuanzia tarehe 15 Juni baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari. Hapo simu ya kijana anayetakwa hulia tangu saa sita ya usiku, maana kila kocha anataka kuhesabiwa miongoni mwa wa kwanza. Baadaye hufuata ziara rasmi, ambayo chuo hugharimia nauli, malazi na chakula kwa muda mfupi. Kijana huvalishwa jezi ya chuo, hupigwa picha chini ya taa za rangi, huonyeshwa chumba cha kubadilishia nguo ambamo kabati moja limeandikwa jina lake. Mimi sioni kama picha hizo zina uzito unaosemwa. Kilicho na uzito hutokea kwenye chumba kidogo cha video, pale kocha anapomwonyesha kijana mchezaji aliyemtangulia katika nafasi ile ile, jinsi alivyotumiwa, alipata dakika ngapi na alichaguliwa wa ngapi katika drafti. Mzazi mwerevu huuliza swali moja zaidi: ni nani mwingine mnayemtafuta kwa nafasi hii? Jibu la swali hilo ndilo hutenganisha makocha wakweli na wengine.

Mwishoni orodha hupunguzwa hadi vyuo vitano, kisha viwili. Cooper Flagg, aliyetoka mji mdogo wa Newport katika jimbo la Maine na kuhamia Montverde Academy huko Florida, alibakiza Duke na Connecticut. Connecticut ilikuwa bingwa wa nchi wakati huo, lakini alichagua Duke. Ahadi ya mdomo haimfungi mtu. Kwa miongo mingi, kuanzia 1964, kijana alifungwa na barua maalumu ya nia aliyoitia saini, na utaratibu huo ulifutwa mwaka 2024; sasa anayemwaga wino husaini makubaliano ya ufadhili na chuo chenyewe.

SWALI (Msomaji, Mwanza): Hizi nyota tano wanazopewa vijana zinatolewa na nani?

JIBU: Si chombo cha serikali wala NCAA. Ni makampuni ya habari za michezo, kama 247Sports, Rivals na ESPN, yenye waangalizi wanaozunguka mashindano na kuwapanga vijana kwa madaraja. Kwa wale kumi wa juu huwa hawakosei sana, ila kadiri unavyoshuka ndivyo makosa yanavyoongezeka. Stephen Curry, aliyekuja kuwa nyota wa NBA, hakupewa ofa ya maana na chuo chochote kikubwa, akaenda Davidson, chuo kidogo cha North Carolina. Ja Morant hakuwa na jina lolote. Inasimuliwa kwamba kocha msaidizi wa Murray State alikwenda kambini kumtazama mtu mwingine, akatoka kutafuta kitu cha kutafuna, akasikia mpira ukidunda katika ukumbi wa pembeni na kumkuta Morant akicheza humo. Mwaka 2019 alichaguliwa wa pili katika drafti nzima.

SWALI (Mfanyabiashara, Kigali): Tuseme ukweli. Hivi si fedha tu ndizo zinazoamua?

JIBU: Fedha zimekuwepo siku zote, ndugu yangu, kilichobadilika ni mahali zinapopitia. Kwa karibu karne nzima NCAA ilishikilia kwamba wanamichezo wa vyuo ni wa ridhaa na malipo yao ni masomo. Chini ya meza mambo yalikuwa mengine. Septemba 2017 wapelelezi wa FBI waliwakamata makocha wasaidizi wanne kutoka Arizona, Auburn, Oklahoma State na Southern California, pamoja na watu waliohusiana na kampuni ya Adidas. Ilidaiwa, na baraza la mahakama likakubali mwaka uliofuata, kwamba familia ya kijana mmoja iliahidiwa dola 100,000 ili aende Louisville, chuo kilichodhaminiwa na kampuni hiyo. Kichekesho cha kisheria ni kwamba katika hati ya mashtaka vyuo vikuu ndivyo vilivyohesabiwa kuwa vimetapeliwa.

Miaka minne baadaye lililokuwa kosa likawa biashara halali. Juni 2021 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani, kwa kauli moja ya majaji wote tisa, iliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, iliyohusu mipaka ya marupurupu ya wanamichezo, na tarehe 1 Julai mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Kwa nadharia fedha hizo zilikuwa za matangazo. Kwa vitendo wafadhili matajiri wa kila chuo waliunda mifuko ya pamoja na kuanza kutoa dau kwa wachezaji. Juni 2025 jaji aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, iliyofunguliwa na wanamichezo wa vyuo dhidi ya NCAA, yanayoruhusu kila chuo kuwagawia wanamichezo wake moja kwa moja hadi takribani dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Kiasi hicho ni cha michezo yote ya chuo, na kwingi soka ya Kimarekani ndiyo hula fungu kubwa.

Sasa nijibu ulichouliza. Desemba 2024 AJ Dybantsa, aliyekuwa akihesabiwa na wengi kuwa bora wa darasa lake, aliwaacha Kansas, North Carolina na Alabama akachagua Brigham Young, chuo cha kanisa la Wamormoni kilichoko Provo, Utah, ambacho hakikuwahi kumpata kijana wa kiwango hicho. Vyombo vya habari vilitaja mamilioni ya dola, na siamini kwamba yalikuwa bure. Lakini vyuo vile vingine navyo si maskini. Brigham Young ilikuwa imemwajiri Kevin Young kutoka benchi la makocha wa Phoenix Suns, timu ya NBA, naye alijaza wasaidizi na wataalamu waliozoea kazi ya NBA, kisha akaiambia familia kwamba kijana ataishi kama mchezaji wa NBA kabla hajawa mmoja wao. Mimi naona hivi: pale dau la kila mmoja linapokaribiana, fedha humwingiza mtu mlangoni, na baada ya hapo anayeshinda ni yule ambaye familia inaamini maneno yake. Tofauti ni kwamba zamani milango hiyo ilikuwa wazi kwa vyuo kumi vyenye jina, na leo chuo chochote chenye wafadhili wa kutosha kinaweza kubisha hodi.

SWALI (Msomaji wa kike, Kisumu): Na kwa wasichana je?

JIBU: Mbio ni zile zile, lakini thawabu ni ndefu zaidi. WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, haimruhusu msichana wa Marekani kuingia drafti hadi mwaka wa kutimiza miaka 22 au amalize miaka yake ya chuo, hivyo kocha anayempata mchezaji bora anaweza kuwa naye misimu minne. Ndiyo maana mvuto wa nyumbani una nguvu zaidi kwao. Caitlin Clark aliiacha Notre Dame akabaki Iowa, jimbo lake la kuzaliwa, na timu hiyo ikafika fainali mara mbili mfululizo, 2023 na 2024.

SWALI (Kocha wa vijana, Goma): Jonathan Kuminga, mtoto wa mji wetu, hakupitia chuo. Nasikia pia kwamba siku hizi vyuo vinapendelea wachezaji waliokomaa. Je, thamani ya kijana wa sekondari imeshuka?

JIBU: Kocha, yote mawili uliyoyataja yanahusiana. Mwaka 2020 Kuminga alichagua G League Ignite, timu iliyoundwa na NBA kuwalipa chipukizi wasiotaka chuo, na mwaka uliofuata Golden State wakamchukua wa saba. Vyuo vilipoanza kulipa, sababu ya kuwepo kwa timu ile ikaisha, na NBA ikaifunga mwaka 2024.

Kuhusu waliokomaa, umesikia vizuri. Mwaka 2018 NCAA ilianzisha mfumo wa kompyuta ambamo mchezaji anayetaka kuhama huandikisha jina lake. Tangu 2021 anayehama mara ya kwanza hakai nje msimu mmoja, na tangu 2024 anaweza kuhama kila mwaka iwapo masomo yake yako sawa. Kila majira ya machipuko, kwa hiyo, kocha ana soko la pili lenye wanaume wa miaka 22 na 23 ambao tayari amewaona wakicheza. Machi 2024 Kentucky ya Calipari, yenye vijana wawili wa mwaka wa kwanza ambao baadaye walichaguliwa wa tatu na wa nane katika drafti, ilitolewa mashindanoni na chuo cha Oakland kwa 80 kwa 76. Aliyeiua ni Jack Gohlke, mtu mzima aliyehamia Oakland kutoka chuo cha daraja la pili, aliyefunga mitupo kumi ya pointi tatu. Wiki chache baadaye Calipari alihamia Arkansas. Mwaka 2025 Duke, ikiwa na Flagg, Maluach na Kon Knueppel, wote wa mwaka wa kwanza, iliongoza muda mrefu katika nusu fainali kisha ikafungwa na Houston ya wakongwe kwa 70 kwa 67, na bingwa akawa Florida, timu iliyobebwa na wachezaji waliohamia kutoka Iona, Belmont na Florida Atlantic.

Wale kumi wa juu kabisa bado wanagombewa, pengine kuliko zamani. Aliyeumia ni kijana wa hamsini au wa mia. Zamani kocha angemvumilia akue. Leo anamwambia aende chuo kidogo, acheze misimu miwili, kisha atamtafuta.

SWALI (Mama, Mombasa): Mwanangu ana miaka 16 na ana urefu wa mita mbili. Kuna mtu anasema atampatia ufadhili Marekani tukimlipa kwanza. Nifanye nini?

JIBU: Mama, usimlipe. Chuo kinachomtaka mchezaji ndicho kinachogharimika kumtafuta, na ufadhili huja kwa barua ya chuo chenyewe, yenye jina la idara na masharti yaliyoandikwa. Mtu anayeuza nafasi ambayo si yake hana cha kukuuzia.

Njia yenyewe ipo, na vijana wetu wameipita. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam, akaanza kikapu akiwa na miaka 15, akamalizia sekondari Houston, Texas, kisha Connecticut wakampata. Mwaka 2009 Memphis walimchagua wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alipitia sekondari ya Kennedy Catholic huko Pennsylvania na Chuo Kikuu cha West Virginia kabla ya kuhamia Kentucky, ambako mwaka 2022 alitajwa mchezaji bora wa vyuo vyote, akiwa na wastani wa ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa kikapu, 15.1 kwa mechi. Yeye pia anaonyesha kikwazo ambacho wazazi wa Afrika Mashariki hawaambiwi: viza ya mwanafunzi, ile iitwayo F-1, hubana sana kazi za malipo, na wakati wachezaji wenzake walipokuwa wakisaini matangazo, yeye ilibidi afanye shughuli hizo timu iliposafiri kwenda Bahamas, nje ya ardhi ya Marekani. Kwa hiyo anayekuahidi mamilioni ya matangazo mara tu mtoto atakapofika anakudanganya mara mbili.

La kufanya sasa ni masomo. Kwa vyuo vya daraja la kwanza NCAA inadai masomo 16 ya msingi ya sekondari, yakiwemo miaka minne ya Kiingereza na mitatu ya hisabati, pamoja na wastani wa alama usiopungua 2.3 kwa kipimo chao cha hadi 4.0. Weka ripoti zote za shule na vyeti vyote tangu kidato cha kwanza, nakala halisi, kwa sababu ofisi ya NCAA inayokagua sifa huzitaka, na asiyekuwa nazo hukwama hata akiwa na urefu wa mita mbili na nusu. Mwandikishe kwenye ofisi hiyo kupitia tovuti yake mwenyewe; kuna ada, na hulipwa huko moja kwa moja. Muulize kocha wake kuhusu kambi za NBA na za shirikisho la kikapu za vijana wa Afrika, ambako waangalizi hufika wenyewe. Kisha mrekodi akicheza mechi nzima, si vipande vya kudunkisha tu, maana kocha msaidizi atataka kuona anafanya nini asipokuwa na mpira, na umtumie video hiyo kwa anwani iliyopo kwenye ukurasa wa timu wa chuo husika.